Shukrani yenye jina la mtu: mwanangu wa darasa la pili alivyonifundisha kuchunga kinywa (uzi mrefu, kutoka Kibirizi)

DagaaKibirizi (mleta uzi)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Na ambao si wa imani yangu, habari zenu, karibuni pia.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma mjini. Nimesoma nyuzi za watu humu miaka mingi bila kuanzisha wa kwangu. Leo naandika kwa sababu hili jambo nimelisimulia kipandekipande kwa mtu mmoja mmoja, na kila ninapolisimulia naona bado linanichoma.

Wanaoijua kazi yetu wanajua. Mitumbwi inaingia ziwani usiku wa giza, taa zinawashwa, dagaa wanafuata mwanga, alfajiri mzigo uko ufukweni. Mwezi ukiwa mkubwa watu wanapumzika, maana taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Sisi akina mama tunanunua wabichi tunaanika. Zamani wengi tulianika mchangani, siku hizi tuna vichanja vya wavu, dagaa wanakauka wasafi na bei inaeleweka. Jua likiwaka vizuri, siku moja inatosha. Mvua ikija kabla hawajakauka, umebaki na chakula cha kuku.

Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Sibishani na uamuzi ule, ziwa likichoka sisi wote tumekwisha. Lakini miezi mitatu ile ilinikuta na mkopo wa kikundi, rejesho kila wiki. Hapo ndipo nilipojifunza kulalamika. Mtu akisema "habari za asubuhi", namjibu "habari gani tena, si unaona mwenyewe". Mtoto akiomba daftari, "nitoe wapi hela, mimi mtu wa mikosi". Jumapili kanisani naimba kwa sauti, nikitoka nje ya geti naendelea nilipoishia.

Ziwa likafunguliwa. Kazi ikarudi, deni likapungua. Maneno yale hayakuondoka. Yalikuwa yamekaa kinywani mwangu kama mpangaji asiyelipa kodi na asiyetaka kuhama.

Mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo nilianika mzigo mkubwa, wa kwanza mkubwa tangu ziwa lifunguliwe. Saa nane mchana wingu likatoka upande wa Kongo, likavuka maji haraka kuliko miguu yangu. Turubai likanyanyuliwa na upepo. Nilipofika kwenye kichanja cha mwisho dagaa walikuwa wamenata kwenye wavu, matumbo yamepasuka, maji ya rangi ya kutu yanachuruzika chini mchangani. Nikasimama palepale nikasema kwa sauti kubwa, "Mimi nimelaaniwa. Mungu alishanisahau mimi." Binti yangu wa mwisho alikuwa pembeni, ameshikilia ncha ya turubai kwa mikono miwili.

Siku ya pili yake jioni alikuwa anafanya hesabu za kutoa kwenye mwanga wa taa ya sola. Arobaini na mbili kutoa kumi na saba. Akajaribu, akafuta, akajaribu, akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akaweka penseli chini, wala hakulia, akasema, "Mama, mimi siwezi. Mimi nimelaaniwa."

Wapendwa, alilisema kwa sauti yangu. Hata ile pumzi ninayoivuta kabla ya kulalamika, aliivuta.

Sikulala. Mithali 18:21 naijua kwa kichwa, "Mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi," lakini siku zote nilidhani inahusu yale tunayotamka kwenye maombi, tukiwa tumesimama na mikono juu. Kumbe mtoto wangu hanisikilizi nikiomba kama anavyonisikiliza nikiosha vyombo.

Basi nikaanza. Nina daftari la madeni, la wateja ninaowakopesha. Nililigeuza juu chini nikaanzia nyuma, niandike la kumshukuru Mungu kila siku kabla ya kulala. Usiku wa kwanza niliandika "uhai, afya, familia". Nikalisoma, sikusikia kitu. Ni maneno yaleyale ninayofungulia kila sala, ulimi unayapita bila moyo kuamka. Usiku wa pili nikaandika hivi, "Mama wa kibanda cha tatu alishika turubai upande wa pili mpaka kanga yake ikalowa chapa, na sikumwita." Hapo nililia. Mungu niliyesema amenisahau alikuwa amesimama kwenye mvua pamoja nami, na alikuwa na miguu ya yule mama.

Tangu siku hiyo siandiki kitu kisicho na jina la mtu au mahali. Na nikagundua kasoro nyingine: nilikuwa nimemwambia Mungu asante, yule mama sijamwambia. Katika Luka 17 wakoma kumi walitakasika, akarudi mmoja, tena Msamaria. Alirudi kwa miguu yake. Nami nikaenda na sado ya dagaa wazuri.

Mnisikie vizuri, sijaanza kusema uongo. Hasara ni hasara. Ninachosema siku hizi ni, "Dagaa wameoza, imeniuma, na Mungu hajaniacha." Vyote vitatu kwa pumzi moja, na mtoto akiwa anasikia.

Wenzangu mnafanyaje majumbani?

---

Nuru_ya_Katonga

Amina mama. Hapo kwa mtoto kuvuta pumzi kama yako nimesoma mara mbili. Wangu mimi anasema "basi tu" kama bibi mzee, sasa nimejua ametoa wapi.

---

Boda_Gungu

Shikamoo mama. Naomba kuuliza kitu kinachonisumbua kweli. Mimi ni kijana, nimemaliza chuo, sasa hivi naendesha bodaboda. Pale kijiweni salamu yetu ni "vyuma vimekaza". Nikijibu "namshukuru Mungu", kuna watu wanadhani nimepata hela, kesho yake nakopwa. Na mimi mwenyewe nikisema hivyo najiona kama naigiza, maana ndani nina hasira. Nimeomba kazi mpaka nimechoka. Je, kushukuru wakati moyo haushukuru si unafiki?

---

Binti_wa_Mwanga

Naomba na mimi niseme, na mnisamehe nikiwa mkali.

Dada yangu alikuwa na presha. Kanisa alilokuwa anasali, sitalitaja, walimfundisha kwamba ukisema "naumwa" unaukaribisha ugonjwa, na ukimeza kidonge unakiri kwa vitendo kwamba hujapona. Nikimuuliza "dada, umeamkaje?" ananijibu "nimepona kwa jina la Yesu", na huku miguu imevimba, anashika ukuta kwenda uani. Vidonge nilivikuta baadaye chini ya godoro, vimejaa kwenye mfuko. Kiharusi kilimchukua ndani ya siku mbili. Aliacha watoto, wawili ninao mimi.

Toka siku ile nikisikia mtu anasema "tamka", "kiri", "chunga kinywa chako", masikio yananiziba. Mleta uzi sikulaumu, nimeona umeandika husemi uongo. Lakini wapo watakaosoma nusu ya uzi wako na kwenda kumnyamazisha mgonjwa.

---

DagaaKibirizi (mleta uzi)

Binti wa Mwanga, pole mdogo wangu. Pole sana. Sina la kuongeza juu ya hilo la dada yako isipokuwa kwamba umefanya vema kulisema hapa hapa, chini ya maneno yangu, ili asomaye nusu akutane nalo.

Na mimi nitamwomba mwinjilisti mmoja ninayemfahamu humu aje aseme, maana elimu yangu ya Biblia ni ya benchi.

---

Mwinjilisti_Buha

Mwakeye, wapendwa. Nimeitwa, nimekuja.

Naanza na Binti wa Mwanga kwa sababu hilo ni la kufa na kupona. Dada, aliyemwambia dada yako kwamba kutaja ugonjwa ni kukosa imani hakuipata kwa mitume. Paulo anaandika katika 2 Timotheo 4:20 kwamba Trofimo alimwacha Mileto, hawezi. Hawezi, yaani mgonjwa, na Paulo hakumtafutia neno la kuficha. Epafrodito alikuwa hawezi karibu na kufa, imeandikwa katika Wafilipi 2:27. Timotheo mwenyewe aliambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Hao ni watu wa imani, na ugonjwa wao umetajwa kwa jina, na wa mwisho kaagizwa hata dawa. Mwenye presha ameze vidonge vyake na ashukuru kwa kila kidonge. Kumeza si kukana.

Sasa kuna mwanamke Mshunami katika 2 Wafalme 4, ambaye watu hupenda kumtumia kufundisha kinyume. Mtoto wake amekufa, amemlaza kitandani kwa nabii Elisha, na Gehazi mtumishi wa nabii anapomuuliza habari za nyumbani anajibu kuwa ni wazima. Wanasema, mnaona, alitamka uzima. Someni mistari inayofuata. Alipomfikia Elisha mwenyewe alishika miguu yake na kumwaga yote, mpaka akamuuliza, je, mimi niliomba mwana kwa bwana wangu? Hiyo ni lawama, na Biblia haikuifuta. Mjumbe wa njiani alimpa salamu, mtu wa Mungu akampa uchungu wake wote. Sisi Waswahili tunamwelewa mama huyu kuliko wengine, kwa sababu kila siku tunajibu "sijambo" barabarani na tunajua mlango gani tutaingia tuseme la moyoni.

Kwa hiyo kijana wa boda, si unafiki kumjibu mpita njia "tunamshukuru Mungu". Unafiki ni kumpa Mungu mwenyewe jibu la mpita njia. Mwambie una hasira. Zaburi ya 13 inaanza kwa "hata lini" na inarudia swali hilo mara nne kabla ya kufika kwenye kuimba. Ni zaburi ya mistari sita tu, na zaidi ya nusu yake ni kilio na kuomba.

Jambo la pili ni ule mstari tunaoutundika ukutani, 1 Wathesalonike 5:18, "Shukuruni kwa kila jambo." Kwenye Kigiriki ni *en panti*, yaani ndani ya kila jambo, katika kila hali. Katika Kiswahili chetu "kwa" inabeba maana nyingi, na mtu anaweza kusikia kwamba ashukuru kwa sababu ya msiba, amwambie Mungu asante kwa kumuua dada yangu. Nimewaona wajane wakilazimishwa kusema hivyo makaburini na roho yangu iliugua. Najua Waefeso 5:20 inasema "kwa mambo yote" na pale Kigiriki kinabana zaidi, sitawaficha. Lakini mstari huo unakuja baada ya kuambiwa tuimbe na tusemezane, ni kanisa linaloimba pamoja. Haukuandikwa kama rungu la kumpigia mfiwa.

Na la mwisho, maana nimeandika kirefu. Matendo 16. Paulo na Sila wamepigwa bakora, miguu kwenye mkatale, usiku wa manane wanaimba. Tunahubiri hapo kila mwaka. Tunasahau asubuhi yake. Mahakimu wanatuma watu wawafungue kimyakimya, Paulo anakataa: wametupiga hadharani bila hukumu, nasi ni raia wa Rumi, waje wenyewe watutoe. Kinywa kilichoimba usiku ndicho kilichodai haki mchana. Mtu asikwambie kwamba ukishukuru umepoteza ruhusa ya kusema umeonewa.

---

Boda_Gungu

Mwinjilisti, hilo la asubuhi ya Paulo sijawahi kulisikia likihubiriwa. Asante mzee wangu. Nitajaribu.

---

Mzee_Ipuli_TBR

Mimi niko Tabora, nilifanya kazi reli mpaka nikastaafu. Dagaa wenu wa Kigoma wameshuka mbele ya macho yangu pale stesheni miaka mingi sana, magunia kwa magunia, na harufu yake hadi leo naijua nikiwa nimefumba macho. Reli ilifika hapa kwetu 1912 na huko kwenu 1914, hivyo sisi ni watu wa nyumba moja.

Ninataka kusema juu ya nyumbani, maana mama amelitaja kidogo na wengine mmekimbilia kanisani.

Kinyamwezi tuna neno *wabeja*. Ni asante. Mama yangu mzazi alimwambia wabeja hata mtoto aliyemletea kata ya maji. Nilikulia humo. Sasa nilipostaafu nikawa nashinda nyumbani, ndipo nikaanza kujisikia ninavyosema. Sokoni nikinunuliwa asali yangu, wabeja. Fundi akiniwekea kiraka cha baiskeli, wabeja. Mwalimu wa kwaya akinipa kiti, wabeja sana. Mezani kwangu, miaka thelathini na minane ya ndoa, neno langu lilikuwa "chumvi".

Sikuwa mtu mbaya, sikuwahi kumpiga wala kumtukana. Nilikuwa naona chakula kama mtu anavyoona jua, kinachomoza chenyewe. Na huku kabla ya kula nafumba macho nashukuru Mungu kwa chakula hiki, mbele ya aliyekipika, bila kumtaja.

Siku moja aliniandalia matobolwa na chai. Viazi vile yeye ndiye aliyevichemsha, akavikata, akavianika juu ya paa, akavianua kila wingu lilipotokea, akavihifadhi miezi. Nikamwambia, "Wabeja, mama, kwa matobolwa haya, na kwa kuyaanua siku ile ya mvua." Alinyamaza. Akaniuliza kama najisikia vizuri, maana alidhani naumwa. Nikarudia kesho yake na kesho kutwa. Ilimchukua kama wiki tatu kuamini. Sasa anaimba jikoni, wimbo ambao sikuwa nimeusikia tangu tukiwa vijana.

Nimejuta miaka ile. Nakiri hapa mbele yenu.

---

Nuru_ya_Katonga

Mzee wangu, umenifanya nimpigie mama yangu simu.

---

DagaaKibirizi (mleta uzi)

Mzee wa Ipuli, shikamoo. Wabeja sana, kama nimeliandika sawa.

Nimerudi kuwajibu wawili walioniandikia pembeni wakiuliza namna ninavyomrekebisha binti yangu, maana neno likishaingia kwa mtoto halitoki kwa kumkemea. Nilijaribu kumkemea kwanza, "usiseme hivyo tena!", akanitazama kama anauliza mbona wewe ulisema. Kwa hiyo nilimwomba msamaha. Nilimkalisha kwenye kichanja kitupu nikamwambia, mama alisema neno lisilo kweli juu yake mwenyewe siku ya mvua, na wewe ukalichukua, naomba unirudishie. Akaniuliza, "Kwa hiyo hujalaaniwa?" Nikasema hapana, mimi ni wa Yesu, ila dagaa waliharibika na nilikuwa na uchungu. Akafikiri. Akasema, "Na mimi sijui kukopa makumi tu."

Nikajua hapo kumbe mtoto anayo njia iliyo sawa, akipewa maneno yake. Alikuwa hajui kukopa makumi. Hiyo inafundishika. Laana unaifundishaje? Tulihesabu dagaa wakavu mezani, mafungu ya kumikumi, tukavunja fungu moja. Ishirini na tano. Aliandika kwa nguvu mpaka penseli ikakatika ncha.

Kwa hiyo siku hizi nikijisikia nataka kusema "mimi mtu wa mikosi", najiuliza ni makumi gani nimeshindwa kukopa. Mara nyingi kipo kitu chenye jina. Rejesho la Ijumaa halijatimia. Mteja wa Uvinza hajatuma hela. Naumwa mgongo. Nalitaja hilo lenyewe kwa Mungu, kwa jina lake, na kwa mume wangu pia kama linamhusu. Kinywa changu kinapungukiwa na kazi ya kujilaani.

Kuna siku nashindwa. Juzi nilimfokea mchukuzi kwa maneno ambayo sitayaandika. Nilimfuata baadaye kwenye gati nikamwomba radhi, akacheka akasema alishasahau. Nimeliandika na hilo nyuma ya daftari, kusahau kwake.

---

Binti_wa_Mwanga

Nimekuwa nikisoma kimya tangu siku ile. Mwinjilisti, asante kwa Trofimo. Nilikuwa sijui yumo.

Mama, nilitaka kukwambia kwamba nilijaribu kama ulivyosema, kitu chenye jina la mtu. Siku mbili karatasi ilibaki nyeupe. Kila nililolifikiria lilinirudisha kwa dada. Siku ya tatu nikakumbuka jirani yetu wa nyumba ya bati jekundu, yule Mama wa Kiislamu. Siku zile mbili za mwisho, mimi nikiwa nakimbia huku na huku kutafuta usafiri na hela, yeye ndiye aliyeingia akamwogesha dada yangu, akambadilisha nguo, akamsuka nywele mistari miwili ili kichwa kisimuume kwenye mto. Hatukuwa na uhusiano wowote naye zaidi ya salamu. Baada ya mazishi sikuwahi kumwambia kitu. Nadhani niliona aibu, au niliogopa kulitaja.

Leo mchana nimekwenda na watoto wote wawili. Nimesimama mlangoni, nikasema, "Nimekuja kukushukuru kwa kumsuka dada." Sikuweza kumaliza.

Alitukaribisha ndani. Akamshika yule mdogo kichwa, akaangalia nywele zake, akasema hizi zimefumka, leteni kitana. Tumekaa kule mpaka magharibi. Sasa ndiyo tumerudi, mtoto amesukwa mistari miwili.